Mzee Juzer na Ndege Isiyotua

Mzee Juzer Pirbhai alizaliwa Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, katika nyumba ambayo ghorofa yake ya chini ilikuwa duka la baba yake. Baba mtu alikuwa fundi wa taa na majiko ya mafuta. Watu wakimletea karabai zilizogoma kuwaka na majiko yaliyoziba, na Juzer akikaa miguuni pake akizibua vitundu kwa sindano. Baada ya Mapinduzi ndugu zake wakubwa waliondoka mmoja mmoja, huyu Karachi, huyu Mombasa, mwengine Uingereza. Yeye alibaki kwa sababu mama yake alikataa kupanda meli. "Nikafie wapi?" mama akiuliza, na Juzer akabaki naye.

Ujanani alipata nafasi ya kwenda Nairobi kusomea injini za ndege. Akarudi na cheti, akamuoa Gulshan, binti wa mtaa wa pili aliyekuwa akishona nguo za harusi, wakapata mtoto mmoja wa kike ambaye baadaye aliolewa Kanada. Umri wake wote uliobaki aliumaliza katika karakana za uwanja wa ndege, akihama kutoka kampuni moja kwenda nyengine kila iliyokuwapo ilipofungwa. Ya mwisho ilikuwa kampuni ndogo yenye ndege chache za injini moja, zilizokuwa zikipeleka watu Pemba na Dar es Salaam.

Alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Utotoni walimpiga mpaka akajifunza kula kwa mkono wa kulia, lakini spana na bisibisi alizishika kwa ule aliozaliwa nao. Hakupenda kelele. Rubani akija na malalamiko, Mzee Juzer alimkalisha kwanza, akamuuliza ameona nini, amesikia nini, amenusa nini, na hakuigusa ndege mpaka amalize kuuliza. Mafundi wengi wa pale walipita mikononi mwake, akiwemo Hamid, aliyekuja kuwa mkuu wa karakana na bosi wake.

Mwanafunzi wake wa mwisho alikuwa Sichana. Huyu alitoka Makunduchi, mama yake akilima mwani, na alipomaliza skuli ya ufundi alikwenda mwenyewe karakana kuomba kazi. Hamid hakujua amfanye nini fundi mwanamke, akampa kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mzee Juzer akamtazama kwa wiki nzima bila ya kusema. Kisha akamwendea Hamid.

"Yule msichana nipe mimi," alisema. "Anaosha mpaka pale pasipoonekana."

Basi wakafanya kazi pamoja miaka mingi. Sichana aliolewa, akazaa, akarudi kazini, na mzee akawa amemhifadhia sanduku lake la vifaa kama alivyoliacha. Alimwita mwanangu. Yeye alimwita Mzee, na kila asubuhi alimwamkia shikamoo, naye akajibu marahaba bila ya kuinua macho kutoka kwenye kazi.

Miaka miwili mitatu ya mwisho ya kazi yake mambo madogo yalianza kuonekana. Mzee alimwita Sichana kwa jina la binti yake. Alitafuta spana iliyokuwa mfukoni mwake. Siku moja alisimama mbele ya kabati la vifaa muda mrefu, kisha akacheka na kusema amesahau alichokifuata. Mafundi walimtania kuwa uzee umeingia, naye akawatania kuwa nao wanakuja nyuma yake. Sichana alicheka pamoja nao. Lakini alianza kupita nyuma ya mzee jioni, akikagua kama kila kilichofunguliwa kimefungwa, na hakumwambia mtu.

Mwaka wa mwisho ndege moja ilikuwa imekaa chini kwa sababu pangaboi lake lilipelekwa Dar es Salaam kutengenezwa. Kabla ya hapo rubani wake, Khatib, alikuwa amelalamika kwamba presha ya oili iko chini kidogo. Haikuwa hatari, ila haikumpendeza. Mzee Juzer alisema hilo atalirekebisha mwenyewe wakati pangaboi halipo.

Pembeni mwa injini kama ile kuna valvu ndogo yenye springi. Presha ya oili ikizidi, valvu husukumwa ikafunguka, na oili iliyozidi hurudi chini ilikotoka. Ukitia washa, kile kibati cha duara chenye tundu katikati, nyuma ya springi, springi hukaza, na presha hupanda. Washa moja nyembamba inatosha kuleta tofauti. Sichana alimuona mzee akitia moja, akafunga, na akakikaza kifuniko kwa waya ili kisilegee kwa mtikisiko. Siku kadhaa baadaye alimuona tena ameinama pale pale. Alidhani mzee anahakikisha kazi yake. Akampita, akaenda kwenye shughuli zake.

Pangaboi liliporudi wakalifunga na kuiwasha injini. Mshale wa presha ulipanda juu sana.

"Oili bado baridi," alisema Hamid. "Ikipata moto itashuka."

Kweli ikashuka kidogo, ikakaa chini ya mstari mwekundu, kwa sababu injini ilikuwa ikizunguka polepole. Asubuhi ilikuwa ya kipupwe, yenye ubaridi, na maneno ya Hamid yalikuwa na maana. Mzee Juzer akatia saini, ndege ikaruhusiwa.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Pemba. Ndani mlikuwa na wafanyabiashara wa karafuu, mwalimu mmoja, na mwanamke aliyembeba mtoto mchanga, akirudi kwao baada ya kujifungulia mjini. Khatib alipoondoka ardhini na kuipa injini nguvu zote, mshale ukapita mstari mwekundu na kubaki huko huko. Akapunguza nguvu, ukashuka kidogo tu. Halafu akasikia harufu ya oili iliyoungua. Hakuwaambia abiria lolote. Aligeuza juu ya mashamba ya kaskazini mwa mji, akaomba ruhusa ya kurudi, akatua.

Ndege iliposimama, oili ilikuwa imetambaa tumboni mwake mpaka mkiani na kudondoka chini. Mwanamke mwenye mtoto aliteremka, akatazama huku na huku.

"Ndiyo tushafika?" aliuliza.

Khatib alitaka kucheka, akashindwa.

Walipoisukuma ndege ndani ya karakana, Hamid alitaka geji ibadilishwe mara moja, maana geji za ndege zile zilikuwa za zamani na zilishawahi kudanganya. Mzee Juzer alikataa. Alimkalisha Khatib juu ya kiti cha plastiki, akamuuliza maswali yake yote. Mshale ulipanda ghafla au polepole? Ulitetemeka au ulitulia? Injini ilibadilisha sauti? Joto la oili lilikuwa wapi? Khatib akajibu moja moja.

"Geji mbovu haimwagi oili chini," alisema mzee. "Lakini tutaipima, tusije tukadhani tunajua. Sichana, leta ile geji ya kupimia."

Sichana aliunga geji nyengine moja kwa moja kwenye injini. Wakaifunga ndege kwa kamba imara, Khatib akaiwasha, na mzee akasimama pembeni ya bawa, macho kwenye mshale, upepo wa pangaboi ukimpepea mvi. Geji mbili zilisema kitu kimoja. Presha ilikuwa juu kweli.

Wakazima. Wakaitoa filta ya oili na kukuta mpira wake umesukumwa nje kwa nguvu ya presha. Hapo ndipo oili ilipopitia. Sichana akaikata filta, wakaikunjua karatasi yake juani wakitafuta chembe za chuma. Hapakuwa na kitu. Mzee akachovya vidole kwenye oili iliyomwagwa, akaisugua, akainusa. Ilikuwa ile ile inayotakiwa, wala si nzito kupita kiasi. Joto nalo lilikuwa la kawaida, kwa hivyo ubaridi haukuwa sababu.

Siku ile mzee alikuwa kama zamani. Alizungumza polepole, akieleza kila hatua kabla ya kuifanya, na hata Hamid aliacha kazi zake za ofisini akaja kusikiliza kidogo. Sichana alijisikia moyo mwepesi. Alijiambia kwamba zile hofu zake zote zilikuwa upuuzi.

"Sasa yamebaki mawili," alisema mzee, Hamid alipokwisha kuondoka. "Ama njia ya oili imeziba mahali, ama valvu haifunguki. Tutaanza na valvu kwa sababu iko nje. Lakini sidhani kama ni hiyo. Haijaguswa tangu injini hii ilipokuja hapa."

Sichana alikuwa ameshika spana. Akaishusha.

"Mzee, si uliifungua juzi juzi, pangaboi lilipokuwa Dar?"

"Nani? Mimi?" Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli, usio na hasira. "Sijaigusa, mwanangu. Ningeigusa ningekwambia."

Sichana aligeukia injini na kuukata waya uliokaza kifuniko cha valvu, akaudondosha kwenye sinia ya vifaa. Akafungua. Springi ikatoka, na nyuma yake zikatoka washa. Alizipanga juu ya kitambaa. Zilikuwa nne, zote mpya, zinang'aa.

Mzee Juzer aliziinamia. Damu ilimpanda usoni.

"Nani mjinga aliyefanya hivi?" alisema kwa sauti ambayo Sichana hajapata kuisikia kwake. "Washa nne! Anataka kuua watu huyu! Nani amefanya kazi hapa? Kamwite Hamid. Namtaka mtu huyu mbele yangu, leo hii."

"Mzee..."

"Kamwite nimekwambia!"

Sichana hakuondoka. Hakuweza kumdanganya. Macho yake yalikwenda kwenye sinia bila ya kukusudia, na mzee akayafuata.

Kila fundi hufunga waya kwa namna yake. Wote pale waliusokota kuelekea kulia. Ule uliokuwa kwenye sinia ulisokotwa kuelekea kushoto, umeshikana sawasawa mwanzo mpaka mwisho, na ncha yake imekunjwa ndani ili isimkwaruze atakayekuja kufungua. Sichana alifundishwa kuikunja ncha hivyo na mtu mmoja tu.

Mzee aliuchukua waya. Akaugeuza mwangani, akaugeuza tena. Hasira ilimtoka usoni taratibu, na kilichobaki Sichana hakuweza kukitazama.

"Huu wangu," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi nimefungua hapa?"

"Ndiyo."

"Mara ngapi?"

"Mimi nilikuona mara mbili. Nyengine sikuziona."

Alirudi nyuma mpaka akaligusa sanduku la vifaa, akakaa juu yake. Alizitazama zile washa muda mrefu, midomo ikicheza kama anayehesabu. Kila mara alikuwa amekuja na nia ile ile ya kuitengeneza presha ya Khatib, akatia washa moja, akafunga vizuri, akaenda zake, na ile kazi ikafutika kichwani kama haikufanyika. Kisha akakumbuka kuwa Khatib amelalamika, akaja tena.

"Sikumbuki hata moja," alisema. "Hata moja, Sichana."

Sichana alipiga magoti mbele yake. "Mzee, sikiliza. Ntaziweka kando hizi, nitie moja tu, tufunge, tuijaribu. Filta ntaweka mpya. Valvu ilikaza, basi. Hakuna haja ya kusema nani na nani. Kuanzia leo kila utakachofanya nami nipo pembeni."

Mzee aliweka mkono juu ya kichwa chake, mkono wenye mafuta, juu ya ushungi wake.

"Mlikuwa na mtoto mchanga mle ndani," alisema.

Akanyanyuka. Alikwenda kwenye bomba, akaosha mikono kwa sabuni, akaosha tena mpaka kwenye viwiko, kisha akautwaa waya na washa, akaenda ofisini kwa Hamid kwa miguu yake. Sichana alimfuata nyuma.

Hamid alisikiliza amesimama. Mzee alisema kwa maneno machache: presha imepanda kwa sababu ya washa, washa ametia yeye, hakumbuki kuzitia, na kwa hivyo hatakiwi tena kugusa ndege. Akaweka funguo za kabati la vifaa juu ya meza. Hamid alikuwa mwanamume mkubwa, mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa uwanja. Alizunguka meza, akamshika mwalimu wake mkono, akaubusu kama mtoto anavyombusu baba yake asubuhi ya Idi.

"Mpeleke nyumbani," alimwambia Sichana. "Ndege ntaikagua mimi."

Gari likawashusha Darajani, ukingoni mwa Mji Mkongwe, wakaingia vichochoroni kwa miguu. Sichana alimwacha mzee atangulie. Penye njia panda, karibu na nyumba aliyozaliwa na aliyoishi mpaka leo, mzee alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akasubiri. Alikuwa anamsubiri Sichana ampite na kuongoza. Alifanya hivyo kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni, na hapo Sichana akafahamu kuwa jambo hili limeanza zamani.

Bi Gulshan aliwafungulia mlango, akaona uso wa mumewe katika saa ambayo hakupaswa kuwapo nyumbani, na hakuuliza. Alimkalisha, akamvua viatu. Sichana alipomfuata jikoni na kumweleza, alikuta mama huyo ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Nilijua," alisema Bi Gulshan. "Anatia chumvi kwenye chai. Ananiuliza mama amekwenda wapi. Mama amekufa kabla sijaolewa, mwanangu. Nilijua, nikanyamaza. Kila asubuhi akivaa zile nguo za kazi anakuwa mzima. Nikasema, akikaa nyumbani atakwisha. Nikasema, kazi anaijua kwa mikono, haihitaji kichwa." Akaanza kulia. "Wangekufa watu, Sichana?"

"Wamerudi salama, Bi Gulshan. Wote."

"Lakini wangekufa?"

Sichana alimshika mabega, akakaa naye mpaka aliponyamaza.

Ndege ilipona. Sichana alirudisha moja tu kati ya zile washa, akasafisha valvu, akaweka filta na mipira mipya, akakagua kila mahali ambapo presha ile ingeweza kupasua. Hamid alipitia kazi yote nyuma yake. Walipoiwasha, mshale ulipanda, ukashuka, ukatulia katikati ya rangi ya kijani. Khatib akaizungusha peke yake juu ya uwanja, akarudi, akasema haijapata kuwa nzuri kama hivi. Mafundi walipiga makofi kidogo. Mahali alipozoea kusimama Mzee Juzer hapakuwa na mtu, na makofi yakafa upesi.

Daktari alisema ugonjwa ule hauna dawa ya kuuponya, na utakwenda mbele tu. Ukaenda. Mzee alisahau majina, kisha nyuso. Alisahau kuwa binti yake yuko Kanada, na alipomuona kwenye simu akimwita baba, alimsalimia kama mteja. Alisahau Nairobi, akasahau injini. Lakini jambo moja alibaki nalo, na lilikuwa lile ambalo kila mtu alimwombea alisahau.

Alianza siku moja wakati wa chakula cha mchana. Aliweka tonge chini.

"Ile ndege imerudi?" alimuuliza mkewe.

"Ndege gani?"

"Iliyokwenda Pemba. Presha yake iko juu. Muna mtoto mchanga ndani."

"Imerudi. Zamani sana imerudi. Kula."

"Alhamdulillahi," alisema, akala. Muda mfupi baadaye akauliza tena.

Ikawa kila siku. Bi Gulshan alijibu mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi mzee alivaa ovaroli na kutoka ikiwa mlango haukufungwa kwa ufunguo. Siku moja alipotea tangu alfajiri. Majirani walimtafuta Malindi, wakamtafuta Ng'ambo mitaa yote, na hatimaye mtu mmoja akapiga simu kutoka Chukwani, akisema kuna mzee wa Kihindi amekaa pembezoni mwa njia, jua kali, anatazama juu. Sichana ndiye aliyekwenda kumchukua, kwa sababu ilikuwa karibu na kazini. Alimkuta viatu vimechanika. Ndege zilikuwa zikipita chini chini juu ya kichwa chake zikienda kutua, na kila moja aliifuata kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ni wa uwanjani?" Hakumjua. "Ile siyo. Na ile siyo. Iliyokuwa na mtoto haijarudi."

"Imerudi, Mzee. Mimi niliiona ikitua. Abiria wote waliteremka."

"Na mtoto?"

"Na mtoto. Mama yake alidhani wameshafika Pemba."

Hilo lilimchekesha. Alikubali kupanda gari. Kabla hawajafika Mji Mkongwe akaanza kuuliza upya.

Sichana akafikiri kwamba labda akimuona Khatib kwa macho yake, moyo utatulia. Akamwomba, na Khatib akaja Kiponda jioni, amevaa shati lake jeupe la kazi lenye mistari mabegani. Mzee alilitambua shati, ijapokuwa hakumtambua aliyelivaa. Alisimama, akamshika mikono yote miwili.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi, Mzee Juzer. Salama salimini."

"Na yule mtoto?"

"Mzima. Tulimpeleka kesho yake, akafika kwao. Sasa anatembea."

Mzee Juzer akalia. Alilia kwa sauti, bila ya kujificha, na huku akicheka, akimpigapiga Khatib kifuani. Bi Gulshan naye alilia nyuma ya mlango. Kisha akaleta chai na visheti, wakakaa wote wanne, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nyumba ile ilikuwa kama nyumba. Khatib akahadithia vituko vya abiria. Mzee alisikiliza, akanywa chai yake yote. Akakiweka kikombe, akamtazama mgeni kwa heshima.

"Kumbe wewe rubani," alisema. "Basi tusaidie, mwanangu. Ipo ndege imekwenda Pemba, na haijarudi."

Khatib alimtazama Sichana. Sichana alitazama chini.

Baada ya hapo hawakujaribu tena. Sichana aliendelea kwenda Kiponda kila alipopata nafasi, akakaa na mzee ili Bi Gulshan apate kulala kidogo, na kila alipoulizwa alijibu kuwa imerudi. Siku moja alimwambia Bi Gulshan jambo lililokuwa likimla.

"Ningemtazama mapema. Ningesema mara ya kwanza nilipomuona amesimama mbele ya lile kabati. Au siku ile ningeuficha ule waya. Asingejua. Angesahau yote, na hili pia angelisahau."

Bi Gulshan alikuwa akikunja mashuka. Aliendelea kukunja.

"Mimi niliyelala naye nilinyamaza," alisema. "Wewe utajilaumu mpaka wapi? Na waya ungeuficha, mwanangu, angekuona unauficha. Alikufundisha mwenyewe kutazama."

Miezi ya mwisho mzee hakusema kitu. Alikaa kwenye kiti chake dirishani, mkono wa kushoto ukisokota kitambaa cha mezani, ukikisokota na kukisokota. Bi Gulshan alisema anaona aheri, kwa kuwa aliyenyamaza pengine ameshaacha kusubiri. Sichana hakuliamini hilo, lakini hakumpinga. Mzee Juzer alifariki asubuhi moja ya masika, mkewe akimlisha uji, mvua imeshika. Walimzika adhuhuri ile ile. Mafundi wote wa uwanja walikuja, wa kampuni hii na wa nyengine, na Hamid aliingia kaburini na viatu vyake kumpokea.

Binti yake alifika baada ya siku chache, na akasema mama hawezi kubaki peke yake. Wakaifunga nyumba ya Kiponda. Siku ya safari Sichana aliomba ruhusa, akawasindikiza mpaka mlango wa mwisho anaoruhusiwa mfanyakazi wa uwanja. Bi Gulshan alikuwa amevaa rida mpya, baibui la rangi la wanawake wa kwao, mkononi ameshika mfuko wa embe bolibo ambazo pengine wangemnyang'anya njiani. Mke wa fundi wa ndege miaka yote ile, hajapata kupanda ndege hata mara moja.

Aliitazama ile ndege kubwa kupitia kioo.

"Hii umeitengeneza wewe?" aliuliza kwa hofu.

"Hapana, Bi Gulshan. Hii si yetu. Ina mafundi wake."

"Ni watu wazuri?"

"Wazuri."

Alimkumbatia Sichana, akamsomea dua masikioni, kisha binti yake akamshika mkono wakaingia. Sichana alisubiri penye kioo kile mpaka walipopanda ngazi. Bi Gulshan hakugeuka. Alikuwa anatazama anapokanyaga. Halafu simu ya Sichana ikalia. Ilikuwa Hamid, akiuliza yuko wapi, maana ndege ya kutoka Dar imetua na rubani analalamika breki.

"Nnakuja," alisema Sichana, akafuta macho kwa ncha ya ushungi, akashuka kwenda karakana.